Mbegu ya Jirani

Mtu akikupa mbegu, unadaiwa nini? Huku Homa Bay na Migori, osuga, dek na apoth (managu, saga na mrenda, kama wewe ni wa Nairobi) huzunguka kwenye fundo la leso, pamoja na maelezo. Mwagilia jioni. Usipande karibu na banda, kuku watazichakura.

Sheria ya mbegu, ilivyorekebishwa 2012, iliwatishia wanaogawana mbegu zisizoidhinishwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima 15 wakaenda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitupa vipengele hivyo. Poa sana. Lakini hofu iliyoizaa sheria ile haikuwa upuuzi: mbegu mbovu hukula msimu mzima.

Kwangu mimi, deni liko kwa mtoaji. Jirani yangu hunipa dek akisema, "Hii mwaka jana iliota nusu tu, mwanangu. Panda nyingi." Hiyo "nusu tu" naithamini kuliko "itaota tu, usijali" za watu kumi. Moyo ananitia, na ukweli ananipa. Na isipoota, mlango wake naujua.