Mkopo, Karatasi na Kinywe cha Ruangwa

Enyi ndugu zangu wa Malolo, na wa Ruangwa na Nachingwea kwa jumla, barazani twasikia mmoja akisema Wachina ni rafiki wa kweli, na mwenziwe asema wamekuja kutumeza. Wote wawili wasema bila ya kupima.

Dola inayoinuka hunyosha mkono nje ya mipaka yake. Ndiyo desturi tangu zama za Kisra na Kaisari. Haifai kuichukia kwa hilo, wala kulala mbele yake. Tazameni reli ya TAZARA. Uingereza, Marekani na Benki ya Dunia zilikataa kuijenga. China ikatoa mkopo wa yuan milioni 988 bila ya riba, na kati ya 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile. Huo ni wema, na mwenye kuukanusha hana shukrani.

Lakini fakihi haishii kwenye neno riba. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mkopo ukishartiwa manufaa ya mkopeshaji huharibika, hata kama haukuzidishwa senti moja. Na gharama za ndani za reli ile zilipatikana kwa kuuza hapa bidhaa za China, ndipo maduka yakajaa vitu vyao. Mwaka 2022 kikafunguliwa Kibaha Chuo cha Uongozi cha Mwalimu Julius Nyerere, kwa msaada wa fedha wa chama tawala cha China, wasome makada wa vyama sita. Sidhani kuwa ni sadaka tupu. Ya Nachingwea wazee wayajua: walimu wa Kichina waliwafundisha vita vijana wa FRELIMO kambini.

Sasa yatufikia sisi. Chini ya ardhi ya Ruangwa mna kinywe, madini ya kutengenezea betri. Usafishaji wake duniani umo zaidi mikononi mwa China, na tangu Desemba 1, 2023 iliamuru baadhi ya aina zisitoke kwake bila ya kibali. Basi kilichoko chini ya mikorosho yetu kimekuwa silaha ya madola, na mwenye kukitaka, awe Mchina au Mwaustralia, huja na karatasi.

Mola wetu, katika aya iliyo ndefu kupita zote, ile ya deni katika Suratul Bakara, ametuamuru tuandike, kwa mwandishi mwadilifu na mashahidi. Twawahifadhisha watoto aya hiyo chuoni, kisha baba zao watia dole gumba kwenye karatasi wasiyoijua! Karatasi ya shamba na isomwe kwa Kiswahili baada ya sala ya Ijumaa, mipaka na hesabu ya mikorosho itajwe, na nakala ibaki kwa mwenye ardhi. Na shamba la mirathi lisilogawanywa, waitwe warithi wote, wanawake kwa wanaume, maana asiyekuwapo haki yake haiuziki kwa dole la kaka yake.