Vibonyezo vya Redio ya Baba

Ni lipi lililo heshima kwa marehemu: kukiacha kitu chake kama alivyokiacha, au kukifanya kitumike tena? Swali hili lilitugawa sisi watoto wa nyumba moja, na lililolileta ni redio.

Marehemu baba alituachia, nyumbani kwetu Muleba, redio ya mbao ya zile zenye valvu, yaani taa ndogo za kioo ambazo sharti zipate moto kwanza ndipo sauti isikike. Mbele ina vibonyezo vitano. Kila kimoja huwekewa stesheni yake, ili msikilizaji asihangaike kuzungusha mshale. Chini yake baba alibandika vikaratasi: Dar es Salaam, Nairobi, Kampala. Viwili vimefutika maandishi.

Redio ilikaa kimya miaka mingi, hata vibonyezo vikaganda. Mwishowe tuliipeleka Bukoba kwa fundi mzee. Alituonya tusiichomeke kwenye umeme kabla hajabadilisha kapasita za karatasi, maana zikizeeka huvujisha umeme na kuunguza vingine. Tena ndani mna umeme mkali, na mwingine hubaki hata waya ukiisha kuchomolewa.

Kisha alitueleza habari za vibonyezo. Nyuma ya kila kimoja pana mkono wa chuma, ambao huisukuma kapasita ya kutafutia stesheni mpaka mahali palipokazwa kwa skrubu. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama gundi. Kazi hii haitaki nguvu. Alisafisha polepole kwa spiriti mpaka kila mkono ukateleza, ndipo akatia grisi mpya kidogo.

"Sasa nizikaze wapi?" akauliza.

Hapo tukagawanyika. Kaka yetu mkubwa alisema, "Pale pale alipoziweka Tata, hata kama patasikika mvumo tu. Kuzigusa ni kufuta mkono wake." Dada yetu akajibu, "Kaka, redio isiyoleta neno ni sanduku. Stesheni nyingi za leo ziko FM, na redio hii haina FM. Basi hizo chache zinazosikika kwenye masafa ya kati tuzipe vibonyezo."

Twakiri kwamba kila mmoja alikuwa na haki. Kaka aliogopa usahaulifu. Dada aliogopa tusije tukaweka kaburi sebuleni.

Fundi hakuamua. Alituita tuangalie skrubu karibu na taa. Vichwa vyake vilikuwa vimelika kwa bisibisi: mtu alizifungua na kuzikaza mara nyingi. Bisibisi yenyewe tuliijua, ilikaa siku zote kwenye droo chini ya redio. Enzi za baba utangazaji haukusimama mahali pamoja. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Majina yalibadilika, mitambo ikaongezwa, naye baba akafuata kwa bisibisi yake.

Basi alichotaka kaka kukilinda kilikuwa uamuzi wa mwisho tu kati ya maamuzi mengi. Urithi wenyewe ulikuwa ile desturi ya kufungua na kukaza upya ili nyumba isikie. Lakini dada naye alipata la kujifunza: baba hakukaza kabla ya kusikiliza. Aligeuza kwa sababu alisikia, wala si kwa kuchoka na cha zamani.

Tulichora kwenye karatasi mahali pa kila skrubu palipokuwa. Vikaratasi tulivibandua tukavitia katika bahasha pamoja na mchoro ule, kwa maana kibonyezo kilichoandikwa Nairobi kikileta kwingine kinasema uongo. Usiku tukatafuta stesheni kwa mkono, tukapata mbili. Kaka ndiye aliyeshika bisibisi. Vibonyezo vitatu vimebaki bila jina.

Ndugu zetu, tumeachiwa pia mashamba ya migomba na kahawa, nyumba, na desturi nyingi. Kila tunapogombana husikika mmoja akisema, "Wazee walitaka hivi." Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kusema hivyo, tuangalie kwanza vichwa vya skrubu.