Figo ya Asiye na Ndugu

Mimi ni fundi wa chumba cha anatomia, na pua yangu imezoea formalini. Macho hayajazoea. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka formaldehidi, kemikali iliyomo ndani ya formalini, kati ya vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Gunther von Hagens wa Heidelberg alikwisha kupata njia nyingine ya kuhifadhi viungo mwaka 1977: asetoni baridi inatoa maji na mafuta, kisha silikoni inaingizwa kwa pampu ya kufyonza hewa. Pampu hiyo chuoni kwetu hatuna. Tunafuata njia ya Fathy Elnady wa Chuo Kikuu cha Cairo: kiungo kikishatoka kwenye formalini kinalowekwa asetoni, kisha glisirini, ileile ya kupaka miguu iliyopasuka, mwisho kinafukiwa kwenye wanga wa mahindi. Figo inatoka laini, kavu, haina harufu. Inakaa kabatini miaka.

Hiyo miaka ndiyo inayonisumbua. Sisi Waislamu tumehimizwa kuharakisha maziko, na maiti nyingi zinazofundishia katika vyuo vya Afrika ni za watu ambao hakuna ndugu aliyejitokeza kuwachukua. Wao wenyewe hakuna aliyewauliza.

Mwenzangu kazini, mlokole, ananiambia: “Kaka, figo moja ikidumu, wangapi watapona kisu chetu wakazikwe mapema?” Hesabu yake siipingi. Ila anayelipa gharama ni huyu wa kabatini, na kujitolea kwa ajili ya wengine ni haki ya mtu mwenyewe, si yangu mimi mwenye funguo. Tena ukavu huu unasahaulisha. Nimeona mwanafunzi akimrushia mwenzake figo kama mpira. Ingekuwa inachuruzika formalini asingethubutu.

Kwa mwaka wa kwanza, machinjio yanatosha kwa mengi. Moyo wa ng'ombe una vyumba vinne kama wetu. Figo yake imegawanyika vinundu, basi chukua ya mbuzi, ambayo kwa nje inafanana na ya mtu (ndani ni habari nyingine). Panapolazimu kiungo cha binadamu, kitoke kwa aliyetia saini akiwa hai. Na hawa waliokwisha kuwemo kabatini, wakuu wa idara, andikeni tarehe ya kuwazika mbele ya kila namba daftarini, kabla hamjaagiza asetoni nyingine.