Marge Anasamehe Nini?

Machi 1990, kipindi cha katuni cha The Simpsons kikiwa bado kwenye msimu wake wa kwanza, Homer alimnunulia mkewe zawadi ya siku ya kuzaliwa: tufe la boling, ule mchezo wa kuvingirisha tufe zito ili kuangusha vigingi. Marge alikuwa anatimiza miaka 34 na boling haikuwa mchezo wake. Matundu ya tufe yalikuwa yametobolewa kwa kipimo cha vidole vya Homer, na jina lililochongwa juu yake lilikuwa Homer. Kwa kumkomoa tu, Marge akaenda kucheza. Huko akakutana na Jacques, mwalimu wa boling mwenye lafudhi ya Kifaransa na maneno ya asali, mpaka ikafika siku akawa ndani ya gari anaelekea kwake. Njiani kuna panda: huku kwa Jacques, kule kwenye kinu cha nyuklia anakofanya kazi mumewe. Anasitasita. Kisha tunamwona anaingia kinuni, na Homer anambeba mikononi mbele ya wafanyakazi wenzake na kutoka naye nje kama bibi harusi.

Wiki iliyofuata, Jacques hayupo. Hakuna aliyeuliza Marge alikuwa wapi mchana ule, wala tufe halikuwa neno la kutupiana wakati wa ugomvi. Katika nyumba nyingine yoyote jambo kama hili lingekaa chini ya zulia miaka 20, likichungulia kila mtu anapochelewa kurudi.

Mwaka 1994 Homer akapewa darasa la watu wazima kuhusu ndoa. Akagundua kwamba wanafunzi humsikiliza pale tu anapowamwagia siri za chumbani mwake, basi akazimwaga. Marge akamfukuza. Akahamia kwenye kibanda cha mwanawe Bart juu ya mti, hadi siku alipomjia mkewe akiwa mchafu, nguo zimeraruka, na kumwambia kwamba kipo kitu kimoja ambacho yeye anaweza kumpa na mwanamume mwingine hawezi: utegemezi kamili, usio na mwisho. Marge akamrudisha. Sijapata kusikia hoja dhaifu kuliko hiyo katika kutetea ndoa, na bado kila nikiisikia nakosa la kuijibu.

Swali langu ni hili: katika mji ambao kila wiki mambo huanza upya kama hayajawahi kutokea, Marge anasamehe nini hasa?

Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alisema tuna uwezo wa aina mbili wa kupambana na wakati. Tendo likishatendeka halirudi nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki. Bila msamaha, kila mmoja wetu angebaki mateka wa kosa lake la kwanza. Halafu kesho haijulikani, wala mtu hana hakika hata na nafsi yake mwenyewe. Bila ahadi tusingeweza kujenga chochote pamoja. Msamaha unatufungua na jana, ahadi inatufunga na kesho. Wahenga wetu waliyapitia yote mawili kwa pumzi moja waliposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Sasa itazame Springfield, mji wa akina Simpson. Huko maji yakimwagika yanazoleka. Nyumba ikiungua, wiki ijayo imesimama. Homer akifukuzwa kazi, Jumatatu yuko mbele ya mitambo yake akila donati. Yajayo ya kuganga hayapo. Tangu familia hii ilipoonekana kwa mara ya kwanza katika vipande vifupi vya The Tracey Ullman Show mwezi Aprili 1987, Bart ana miaka 10, Lisa 8, na Maggie ana mwaka mmoja na nyonyo mdomoni. Matt Groening, aliyewabuni, aliwapa majina ya watu wa nyumbani kwake mwenyewe: baba yake Homer, mama yake Margaret, dada zake Lisa na Maggie. Ndugu hao wa kweli wamekua na kuzeeka kama watu wote, huku majina yao yakibaki katika miili isiyoota mvi.

Na si kwamba hawana historia. Wanayo, ila inahamahama. Mwaka 1991 tulionyeshwa Homer na Marge wakikutana sekondari mwaka 1974. Mwaka 2008 tukaonyeshwa kwamba katika miaka ya 1990 walikuwa vijana wachumba, hawana mtoto, Homer anaimba katika bendi ya roki. Waliyopitia yanakokotwa nyuma yao kama trela, ili umbali usibadilike. Yaliyo mbele nayo yamewapita: sehemu ya mwaka 1995 ilitabiri harusi ya Lisa ifikapo 2010, na 2010 ikaja ikapita, bibi harusi akiwa bado anasoma darasa la pili.

Kwa mantiki ya Arendt, mji kama huo usingehitaji msamaha wala ahadi. Visingekuwa na kazi, sawa na mwavuli mahali ambapo mvua hainyeshi. Lakini ukiwatazama akina Simpson, karibu hawafanyi kingine. Kila wiki kuna anayekosa, anayeapa kubadilika, na anayekumbatiwa kabla majina ya watayarishaji hayajaanza kupanda. Wapo wanaouita huo unafiki wa televisheni ya Marekani, utamu unaopakwa mwishoni ili matangazo ya biashara yaingie vizuri. Mimi sioni hivyo. Naona kuna mtu mmoja nyumbani mwao ambaye anakumbuka kila kitu, ila hakai kwenye kochi lile la kahawia. Ni mtazamaji.

Sehemu moja ya mwaka 1992 inaonyesha vizuri ninachosema. Familia nzima imesimuliana neno la kwanza la Bart na la kwanza la Lisa. Usiku Homer anamlaza Maggie na kumwambia afadhali asianze kuzungumza, maana watoto wakishajua kusema ndipo wanapojua kujibu. Anazima taa na kufunga mlango. Maggie anatoa nyonyo mdomoni na kusema neno lake la kwanza, la kumwita baba, kwa sauti ya mwigizaji Elizabeth Taylor. Hakuna aliyesikia. Kesho yake Maggie ni yule yule asiyesema, na neno lile halimo katika kumbukumbu ya mtu yeyote Springfield. Limo katika yetu. Sisi ndio daftari la nyumba ile, na Marge anaposamehe kwa wepesi, deni tunabaki nalo sisi.

Ndiyo maana Frank Grimes ananishughulisha kuliko wahusika wengi waliokaa muda mrefu. Aliishi katika sehemu moja tu, ya mwaka 1997. Wazazi walimtelekeza akiwa na miaka 4, akafanya kazi tangu utoto, akalipuliwa katika mlipuko wa ghala, akajifunza upya kusikia, akasoma kwa njia ya posta hadi akapata cheti cha fizikia ya nyuklia. Anaajiriwa kinuni na kukuta kwamba msimamizi wa usalama ni Homer, anayesinzia kazini. Anaalikwa kwa chakula cha jioni, anaiona nyumba kubwa, mke mzuri, kamba-mti mezani, na picha ukutani ya Homer akiwa angani. Sisi tuliitazama safari hiyo ya anga mwaka 1994 na tukacheka. Grimes hakuwepo tukicheka. Yeye anaona ushahidi tu. Anafanya hesabu yake yote, jasho lake upande huu na bahati ya Homer upande ule, na hesabu inakataa kulingana. Mwishowe anaingiwa na wazimu, anapita kinuni akiiga uzembe wa Homer, anashika nyaya zenye umeme mkubwa bila glavu kwa kuwa Homer angeweza kufanya hivyo na asidhurike. Anakufa. Kwenye mazishi Homer anasinzia, anamwomba Marge usingizini abadilishe chaneli, na waombolezaji wanacheka.

Kosa la Grimes lilikuwa nini? Si wivu peke yake. Alileta jana yake mahali ambapo jana hairuhusiwi kuvuka mpaka. Ukiitazama sehemu ile mara ya pili unagundua kwamba kwa mujibu wa ukweli wote alikuwa sahihi: Homer ni hatari, na hakuna aliyejali. Alichokosa ni ule uwezo wa kusahau ambao unaishikilia futuhi nzima isianguke. Futuhi ya kifamilia ni tanzia iliyonyang'anywa kumbukumbu. Rudisha kumbukumbu mahali pake, hata ndani ya mtu mmoja, na palepale unapata maiti.

Mrudishie Marge basi. Mpe kumbukumbu ya tufe, ya siri zilizomwagwa darasani, ya akiba zilizoliwa, ya kila usiku aliokesha akimsubiri mtu aliyeko baa ya Moe, mara 700 na zaidi. Huyo Marge tunamjua. Haishi Springfield, anaishi popote ambapo mwanamke ameambiwa avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Mume asiyebadilika akisamehewa kila juma na mke anayekumbuka, hiyo hatuiti futuhi, na kama ni dada yako ungetafuta gari la kumhamisha vyombo. Arendt mwenyewe aliona kwamba tunasamehe tendo kwa ajili ya mtu aliyelitenda, yaani hatulipimi kosa, tunamtazama mkosaji. Maneno mazuri hayo. Lakini yanadhani mkosaji ataondoka hapo akiwa na nafasi ya kuwa mwingine. Homer nafasi hiyo hana, na si kwa ukaidi wake. Mwandishi hamruhusu. Angejifunza mara moja tu, kipindi kingekwisha.

Kwa hiyo silaumu wepesi wa msamaha wa Marge, kwa sababu sauti yake inautilia shaka. Ana ule mguno wake, unaotoka kooni kama kitu kilichokwama, kila anapoona jambo lisilofaa na kuamua kulinyamazia. Maneno yake yanasamehe, ila koo halijakubali. Kama kuna mahali popote katika mwili wa Marge ambapo jana imepata kujificha, ni pale.

Lisa ni habari nyingine. Mwaka 1991 mwalimu wa muda, Bergstrom, alipokuwa akiondoka mjini kwa treni, alimwachia kikaratasi cha kusoma kila akijiona mpweke. Ndani yake: wewe ni Lisa Simpson. Kwa mtoto wa kawaida wa miaka 8 sentensi hiyo ni ahadi; maana yake ni kwamba utakuja kuwa mtu. Kwa Lisa ni hukumu tu, kwa sababu hatakuja kuwa, yupo tayari. Hata hivyo ndiye pekee katika familia aliyewahi kuahidi jambo likadumu. Mwaka 1995 aliacha kula nyama. Paul McCartney, aliyeigiza katika sehemu hiyo pamoja na mkewe Linda, alikubali kushiriki kwa sharti kwamba Lisa asirudi tena kwenye nyama, na tangu hapo hajarudi. Huo ndio ugumu wa mji wa Springfield: ahadi moja ya kudumu ilihitaji kudaiwa na mtu wa nje, mtu anayezeeka. Na tazama ilivyomgharimu mtoto. Kila nyama choma ya baba yake, yeye ndiye wa pembeni mwenye sahani tofauti. Anayeweka neno lake katikati ya watu wasio na kesho huonekana mkorofi.

Bart hana tatizo hilo. Mwanzoni mwa kipindi yuko ubaoni akiandika sentensi ile ile ya adhabu mpaka kengele inalia na anachomoka mbio. Adhabu haijamfundisha kitu kwa zaidi ya miaka 30, wala haikukusudiwa. Lakini Oktoba 2013 Marcia Wallace, sauti ya mwalimu wake Bi. Krabappel, alifariki dunia, na watayarishaji wakaamua mhusika naye aondoke, badala ya kumtafutia mwigizaji mwingine. Mwanzoni mwa sehemu iliyofuata Bart aliandika ubaoni mstari mmoja, mara moja tu, wa kumwambia mwalimu kwamba watamkosa kweli. Hapo wakati uliingia mjini bila kumwomba mwandishi ruhusa.

Wakati unaingia kwa mlango huo huo kila msimu. Mchoro haukunjamani, ila waigizaji wa sauti za familia ni wale wale tangu mwanzo: Dan Castellaneta, Nancy Cartwright, Yeardley Smith, na Julie Kavner, aliyezaliwa mwaka 1950 na anayemwigiza Marge. Watazamaji wengi wamesikia jinsi sauti yake ilivyozidi kukwaruza. Wapo wanaolalamika kwamba Marge hasikiki tena kama Marge, na ningewaelewa kama tatizo lingekuwa muziki. Mimi nasikia kitu ambacho kipindi hiki hakikuweza kukipata kwa kalamu: mguno uliokuwa wa kuigiza sasa umepata umri wa kweli. Homer ni yule yule wa miaka 30 na ushei, na akikosea anasamehewa na sauti iliyomzidi umri kwa mbali.