Tusimtafutie Dhambi Ndugu Aliye Mgonjwa



Katika Yohana 9, wanafunzi walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa walitafuta kwanza mwenye kosa: yeye mwenyewe ao wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili.

Nasi tunauliza vilevile tunapomwona dada anayenawa mikono mpaka ngozi inachubuka, ao baba anayerudi mara kumi kushika mlango aliokwisha kuufunga. Wengine wanasema ni pepo mchafu, wengine, anajifanya. Na kijana ambaye neno la kumtukana Mungu linamjia katikati ya sala, huyo ananyamaza, kwa kuogopa ataitwa mchawi.

Tuelewe vizuri. Kuna ugonjwa ambao waganga wa hospitali wanauita kwa Kifaransa TOC. Unapata karibu watu 2 katika kila 100, na mara nyingi unaanza katika utoto ao ujana. Wazo baya linaingia bila kuitwa. Mgonjwa analichukia, lakini linarudi. Ili atulie, ananawa, anahesabu, anarudilia sala ileile, ao anatubu tena dhambi iliyokwisha kusamehewa. Anatulia kidogo tu, kisha hofu inarudi na nguvu zaidi. Ndugu zangu, mtu anayependa uovu hateswi nao namna hiyo!

Mateso yanayofanana na hayo yalimpata Martin Luther, aliyeingia utawa Ujerumani mwaka 1505. Aliungama saa nyingi, akatoka, akakumbuka kosa lingine dogo, akarudi. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, hakumfukuza; alimwelekeza amtazame Kristo aliyejeruhiwa kwa ajili yake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusimwambie mgonjwa aache tu. Kama angeweza, angeacha zamani.

Pili, tusimwongezee mifungo na maungamo. Kwake ni kuongeza kuni motoni. Tumjibu mara moja, kwa upole. Hata tukimhakikishia mara mia kwamba hana kosa, kesho atauliza tena.

Tatu, tumsindikize kwa daktari. Dawa zipo, na yapo mazoezi ambayo mgonjwa anajifunza kidogo kidogo kukabili hofu yake bila kurudilia tendo lile. Bukavu kuna SOSAME, Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain. Maombi na matibabu havipigani: yule kipofu alipakwa tope machoni, akatumwa kunawa Siloamu, akarudi anaona.

Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa naye chini wakinyamaza. Walikosea walipofungua kinywa na kumtafutia dhambi. Siku ya Bwana ijayo, yule anayekaa peke yake kwenye benchi la nyuma kwa kuogopa mikono ya watu, tusimlazimishe salamu. Tukae karibu naye, tuimbe pamoja.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote. Amina.