Siri ya Safari na Mtu wa Kumwambia

Kwetu safari ya nje haitangazwi. Mtu anaweza kuhangaika na makaratasi mwaka mzima, akaomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha kuuguza, akauza kiwanja akidai ana deni benki, na majirani wasijue lolote mpaka waone picha yake mtandaoni yuko uwanja wa ndege wa Doha, begi mgongoni, na maneno mawili ya kumshukuru Mungu. Sababu tunaijua wote. Watu wana kijicho, na safari ikisemwa mapema huharibika. Mama mzazi ndiye wa kwanza kukuasa, tena kwa sauti ya chini: mwanangu, usimwambie mtu mpaka upande ndege.

Siidharau hofu hiyo. Nimeikuta kwa wasomi na kwa watu wa dini, na ina busara yake, maana safari ikikwama mbele ya macho ya mtaa mzima aibu yake haiishi upesi. Lakini siri hii inatugharimu kuliko tunavyokubali. Asiyemwambia mtu hana wa kumshauri. Hawezi kumuuliza jirani aliyeishi Canada miaka kumi akarudi, wala shemeji aliyenyimwa viza mwaka jana, ambaye naye kanyimwa kimyakimya. Anayejua mpango wake anabaki kuwa mtu mmoja tu, yule anayelipwa: wakala, dalali, kaka mwenye koneksheni, kishoka. Na kishoka anaipenda siri hii kuliko unavyoipenda wewe. Ndiye anayekwambia mambo haya ni nyeti, usiongee na mtu, ubalozini nina mtu wangu.

Miaka kadhaa iliyopita fundi magari mmoja wa Tabata, mtu mzima na heshima zake, alijaziwa bahati nasibu ya Green Card kwenye steshenari. Mnazijua steshenari hizo: mashine ya fotokopi mlangoni, shuka jeupe ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, tangazo lililobandikwa kwa gundi. Kushiriki kulikuwa bure kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, ila kijana wa pale alitoza elfu kumi za kujaza. Mke wa fundi alikuwa amesimama pembeni, kambeba mtoto mdogo. Kijana hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta.

"Mzee, watoto wangapi?"

"Wawili."

Walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Tanga, binti wa miaka kumi na moja, amezaliwa kabla ya ndoa hii, na mke hakuwa na habari naye.

Jina la fundi likatoka. Akauza vifaa vya gereji, akalipia vipimo vya afya vya familia, na siku ya usaili akalipa dola 330 kwa kila kichwa, watu wanne, jumla dola 1,320 ambazo hazirudishwi. Fomu ya pili, DS-260, ilikuwa imemuuliza tena juu ya watoto wake wote, na safari hii aliogopa kuficha, akamwandika binti. Afisa wa usaili alilinganisha fomu mbili na kazi ikaishia hapo. Masharti ya bahati nasibu ile hayana kona: kila mtoto wako asiyeoa wala kuolewa, aliye chini ya miaka 21, lazima umtaje tangu siku ya kwanza, awe anaishi nawe au haishi nawe, awe atasafiri au hatasafiri. Ukimwacha, ombi zima linaanguka. Mke wa fundi alizisikia habari za binti wa Tanga akiwa amesimama mbele ya dirisha la usaili, na watu nyuma yake kwenye foleni.

Watu walimlaumu fundi kwa uongo. Mimi nimekuwa nikilifikiria lile swali la steshenari. Mwanamume aliulizwa jambo zito kuliko yote maishani mwake mbele ya mkewe, na kijana aliyekuwa akiangalia saa, na wateja wawili waliokuja kutoa fotokopi. Ni nani katika sisi angejibu kweli pale?

Wakili wa uhamiaji anayeijua kazi yake angefunga mlango kwanza. Angeomba aongee na fundi peke yake, halafu angemuuliza mambo ambayo kwetu hayaulizwi mtu mzima. Una mtoto mwingine popote? Uliwahi kuoa kabla ya huyu? Uliwahi kunyimwa viza, kukamatwa, kushtakiwa? Jina lililo kwenye pasipoti ndilo la cheti cha kuzaliwa? Hili la mwisho kwetu ni bahari. Wengi tulipata vyeti vya kuzaliwa vya RITA ukubwani, wapo waliopunguziwa umri ili waanze shule au wacheze mpira, wapo waliobadili majina baada ya kubatizwa au kusilimu, na wapo waliofanya mtihani wa darasa la saba kwa jina la mtoto mwingine. Kila moja ya hayo lina njia yake ya kuelezwa kwa maandishi na viapo, mradi lielezwe mapema.

Na atakayoyasikia wakili hayatoki humo ndani. Marekani maadili ya taaluma yao yanamfunga mdomo hata kama uliongea naye saa moja tu kisha ukaamua kutomwajiri. Ninawaambia vijana hivi: mnatafuta mtu wa kutunza siri ya safari, na mtu huyo yupo, ana ofisi, ana leseni, na akizivujisha habari zako anaweza kuipoteza. Ila kuna jambo moja hatalifanya. Atatunza siri yako, lakini hatabeba uongo wako. Akijua maelezo ni ya kughushi, haruhusiwi kuyapeleka mbele ya hakimu. Hapo ndipo wengi wetu tunapomkimbia na kurudi kwa kishoka, ambaye hana kigugumizi cha namna hiyo.

Kishoka hajibu kwa lolote kwa sababu fomu haina jina lake. Fomu ya viza ya kutembelea Marekani, DS-160, inauliza kama kuna mtu aliyekusaidia kuijaza, na inauliza kama uliwahi kunyimwa viza. Kishoka atakwambia uweke hapana kote kuwili. Lakini anayebofya kuweka saini ni wewe, na maneno yaliyo juu ya saini yanasema umeyaelewa yote na ni ya kweli. Udanganyifu ukigundulika, sheria ya Marekani inaweza kukufungia mlango maisha yako yote, na msamaha wake ni mgumu kuupata. Canada ni miaka 5. Uingereza inaweza kufika miaka 10. Mtu wa steshenari yeye anaendelea kupiga picha za pasipoti.

Nije kwenye lile ambalo watu wa mamtoni wanaliita kujilipua. Mtu anafika, viza ya matembezi inakaribia kuisha, anashauriwa aombe hifadhi kwa hadithi ya kutunga. Wapo Watanzania waliojilipua Uingereza kwa kujiita Wasomali au Warundi, wakapewa majina mapya, wakaishi nayo. Siwahukumu kwa njaa iliyowapeleka. Lakini nimekaa kwenye misiba ambayo mtoto wa marehemu anafuatilia mazishi ya mama yake kwa simu iliyoshikwa na binamu juu ya kaburi, kwa sababu huko aliko kwenye makaratasi mama yake ni mwanamke mwingine, wa nchi nyingine. Wajukuu wa yule mama wanatumia ukoo ambao haujawahi kuwepo kijijini kwao.

Na wapo wenye hadithi za kweli wanaoumizwa na hizi za kutunga. Januari 2001, baada ya mauaji ya Pemba na Unguja, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Hawa hawakuhitaji mtu wa kuwatungia kitu. Walichohitaji ni mtu wa kuwasaidia kuyapanga waliyoyaona ili mgeni asiyejua Wete ya Pemba iko wapi ayaelewe. Hiyo ndiyo kazi ya wakili kwenye ombi la hifadhi, na ni kazi ya wiki nyingi. Marekani ombi hilo kwa kawaida linatakiwa lifikishwe ndani ya mwaka mmoja tangu uingie, na ikithibitika kwamba ulitunga kwa makusudi baada ya kuonywa, unafungiwa faida zote za uhamiaji milele. Serikali yao haimlipii mhamiaji wakili mahakamani, kama inavyomlipia mshtakiwa wa jinai asiye na kitu. Ukiwa huna uwezo, kuna mashirika yasiyo ya faida yenye wawakilishi waliothibitishwa na Wizara ya Sheria, ambao si mawakili lakini wanaruhusiwa kisheria kushughulikia mambo ya uhamiaji, bure au kwa ada ndogo. Ndugu zetu Wakongo na Warundi waliohamishiwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wengi wanawafahamu hao kuliko sisi. Baada ya kutimiza mwaka mmoja Marekani wanatakiwa kuomba Green Card, na mkimbizi halipi ada ya serikali kwa ombi hilo. Inauma kusikia kuna anayewatoza mamia ya dola "kuwasukumia faili".

Leseni peke yake haitoshi, hilo niliseme wazi. Desemba 2012 waendesha mashtaka wa New York waliwafungulia kesi watu 26, wakiwemo mawakili sita, kwa kutengeneza hadithi za hifadhi kwa wateja wa Kichina. Miaka baadaye serikali ilirudi kupekua mafaili ya maelfu ya watu waliokwishapewa hifadhi kupitia ofisi zile, watu waliodhani wamemaliza. Kwa hiyo wakili anayekutungia maneno ni hatari sawa na kishoka, na pengine zaidi kwa sababu unamwamini. Lakini leseni ndiyo pa kuanzia, na kuikagua ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Canada wana daftari la umma la Chuo cha washauri wa uhamiaji na uraia, kilichoanza kazi mwaka 2021, mbali na mawakili wa majimbo. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa au kuwa mwanasheria anayetambuliwa ni kosa la jinai. Marekani kila jimbo lina orodha ya mawakili wake, na anayekuwakilisha huweka jina lake kwenye fomu G-28. Omba nakala yake. Anayekataa jina lake lionekane popote amekwishajieleza.

Wala sisemi kila msafiri amtafute wakili. Kijana aliyepata chuo Marekani, ana fomu yake ya I-20 kutoka chuoni na mdhamini wa kweli, ataijaza fomu mwenyewe na atasimama dirishani mwenyewe. Wakili mwaminifu atamwambia hivyo na kumrudisha nyumbani na pesa zake.

Kinachonisumbua zaidi ni namna tunavyozipima pesa hizi. Ukoo utakaa kikao, utachanga milioni nane za kumpa mtu anayesema viza ni uhakika asilimia mia, hakuna risiti, hakuna mkataba, na hakuna mjomba atakayeguna. Ukoo huohuo ukiambiwa wakili anataka dola 200 kwa mazungumzo ya saa moja, watasema ni wizi, hasa kama mwisho wa saa hiyo amesema haiwezekani. Mbona kala hela yetu na hajafanya kitu? Lakini fundi wa Tabata angeambiwa haiwezekani kabla ya kuuza jeki na spana zake, angekuwa bado na gereji. Angerudi nyumbani akiwa na muda wa kumweleza mkewe habari za Tanga kwa maneno yake mwenyewe, na mwaka uliofuata wangejaza upya, watoto watatu.

Lipo swali moja ambalo wakili wa Toronto au Minneapolis hawezi kukujibu, kwa sababu ni la huku. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine anapoteza wa kwetu. Wakenya walifungua mlango huo kwenye Katiba yao ya 2010. Sisi bado, ingawa mwaka 2025 Bunge letu lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyoleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Asiye raia hamiliki ardhi hapa kama raia anavyomiliki, na wapo waliokula kiapo huko wakipigiwa makofi bila kukumbuka kwamba wana kiwanja Kigamboni kwa jina lao. Hilo ni la wakili wa hapa, na jina lake unaweza kulikagua kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujapanda ngazi za ofisi yake. Nenda na hati, nenda na pasipoti, na mwambie na huyo kila kitu, ikiwemo kwamba kiwanja kiliandikwa jina lako lakini pesa ilikuwa ya kaka.