Fungu la Waliobaki na Mizigo

Somo: 1 Samweli 30:21–25

Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, Jumapili iliyokaribia Siku ya Mashujaa, nilipewa kazi ya kuwaheshimu wanajeshi wastaafu wa kanisa letu. Tulikuwa tumetengenezesha sarafu za kumbukumbu: upande mmoja msalaba, upande wa pili jina la kanisa na mwaka. Nikashika maikrofoni nikasema, "Wote waliotumikia jeshi wasimame." Wakasimama saba. Makofi yakapigwa, akina mama wakapiga vigelegele. Lakini nyuma kabisa nikamwona mzee mmoja akiinuka nusu, akashika benchi la mbele yake, kisha akaketi tena. Sarafu zikagawiwa, ibada ikaendelea.

Baadaye nikamfuata. "Mzee, mbona uliinuka halafu ukakaa?"

Akacheka kidogo. "Mtumishi, mimi nilikuwa mpishi tu. Miaka 22 jikoni kambini, raia wa kuajiriwa. Sikushika bunduki, nilishika mwiko. Sikujua kama na mimi nimeitwa."

Hilo neno "tu" limenisumbua mwaka mzima. Je, heshima yetu ikimpita mtu aliyestahili, tumemkosea, ama ni bahati mbaya basi?

Sarafu ni kitu kidogo, lakini inasema mengi. Bwana Yesu alipoonyeshwa dinari aliuliza sura ile ni ya nani (Mathayo 22:20). Anayewekwa kwenye sarafu ndiye anayehesabiwa kuwa mkubwa. Mwaka 2014, Uingereza ilipokumbuka miaka 100 tangu Vita Kuu ya Kwanza ianze, ilitoa sarafu ya pauni 2 yenye sura ya Lord Kitchener, yule mkuu wa jeshi aliyewanyoshea watu kidole kwenye mabango akiwaita vitani. Watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi ombi kwamba akumbukwe pia Edith Cavell, muuguzi aliyepigwa risasi na Wajerumani mjini Brussels mwaka 1915 kwa kuwasaidia askari kutoroka. Mwaka 2015 ikatoka sarafu ya pauni 5 yenye sura yake. Alikumbukwa kwa sababu kuna watu waliomsemea.

Sasa, ni nani aliyewasemea wa kwetu? Vita hivyohivyo vilifika hapa. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, barabara zilikuwa chache, kwa hiyo mizigo ya jeshi ikawekwa vichwani mwa watu. Hao ndio Carrier Corps. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walibeba risasi, unga na majeruhi, wakafa maelfu kwa maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Waliotoka Kenya peke yake, waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 40,000. Ukipita Kariokor pale Nairobi, ama Kariakoo kule Dar es Salaam, ni jina lao unalotaja. Na ile sanamu ya askari kwenye Kenyatta Avenue, mmoja wa wale watatu ni mbeba mizigo. Amesimama pale, lakini jina hana.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao popote, na huenda wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Serikali ya Uingereza ikaomba msamaha bungeni. Miaka 100 imeshapita!

Sisi Wakenya tunaweza kujisifu. Katiba ya 2010 inakataza picha ya mtu kwenye pesa zetu, ndiyo maana ukitoa kumi bob mfukoni utaona simba. Ni vizuri. Hiyo inamzuia mkubwa kujitukuza, lakini haimwinui mdogo. Kumwinua mdogo ni kazi ya moyo.

Mtu ataniambia, "Mtumishi, ukimpa kila mtu sarafu, itabaki na thamani gani? Aliyekabili risasi si sawa na aliyepika ugali." Ni swali la haki. Daudi aliulizwa lilo hilo. Watu wake 600 walitoka kuwafuatia Waamaleki, na 200 wakachoka wakabaki kijito cha Besori kulinda mizigo. Wale 400 waliporudi na nyara, baadhi yao wakasema hao wapewe wake na watoto wao tu, waende zao. Daudi akakataa. Akaamua fungu la aliyeshuka vitani na la aliyekaa na mizigo liwe sawa, na ikawa sheria katika Israeli.

Angalia vizuri, mpendwa. Daudi hakusema kazi zao zilikuwa sawa. Hakudanganya kwamba wale 200 walipigana. Alisema ushindi umetoka kwa Bwana, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kuukumbatia peke yake. Anayemnyima mwenzake fungu amesahau kwamba hata lake alipewa.

Na pia, Daudi hakuwapa maneno matamu. Aliwapa fungu. Sarafu bila fungu ni chuma. Kama tunampigia mwanajeshi makofi Jumapili, halafu Jumatatu mjane wa mwenzake anakosa nauli ya kwenda hospitali, tumeheshimu nini? Heshima yetu wenyewe, labda.

Yule mzee nilimpelekea sarafu nyumbani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akanyamaza. Halafu akamwita mkewe kutoka jikoni na kumwekea mkononi. "Huyu ndiye alilea watoto sita peke yake nikiwa kambini," akaniambia. "Yeye mlimwandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Kumbe nilikwenda kurekebisha orodha, nikakuta bado ina pengo. Na nadhani itakuwa nalo daima, kwa sababu orodha ya mwanadamu haina macho ya kutosha. Mhubiri 9 inasimulia maskini mwenye hekima aliyeuokoa mji, na hakuna aliyemkumbuka. Lakini Mungu wetu anasema amewachora watu wake katika viganja vyake (Isaya 49:16). Hiyo haifutiki.

Hilo lisitufanye wavivu. Siku ya Mashujaa inakuja tena. Kabla ya hiyo Jumapili, mtafute mmoja aliyebaki na mizigo: mpishi, dereva, mke, mama wa askari asiyerudi. Mwulize habari zake, usikilize hadi mwisho. Kisha uliza anahitaji nini, na umletee fungu lake.

Tuombe: Bwana, utusamehe wale tuliowapita tukipiga makofi. Tufungue macho tuwaone waliokaa nyuma. Katika jina la Yesu, amina.